Sehemu ya 7: Mama aliyekaa kimya

Mama zangu, dada zangu, na ninyi kina baba mnaosoma kwa kuchungulia simu ya mke. Nawajua mpo.

Mlionifuata tangu sehemu ya kwanza mnajua mimi ni nesi mkunga, niko wodi ya wazazi, huu ni mwaka wangu wa 14. Leo nilipanga tuendelee na habari ya kukamua na kutunza maziwa ukirudi kazini. Hiyo itasubiri kidogo. Kuna mama mmoja alinitumia ujumbe juzi, kaniuliza hivi: "Dada nesi, mbona mkimwangalia tu mtu usoni mnajua huyu ni wa kuhudumiwa vizuri na huyu ni wa kufokewa?"

Nilianza kumjibu kwa kujitetea. Nikaandika kwamba tuko wachache, zamu ni ndefu, wagonjwa ni wengi. Yote ni kweli. Halafu nikafuta. Nikasema hapana, huyu mama anastahili jibu la kweli, na jibu la kweli ni lile lililonitokea mimi mwenyewe.

Yaliyotokea usiku ule nayaandika kwa ruhusa ya watu wawili: mama mwenyewe, na mwenzangu wa kazini. Majina siweki.

Ilikuwa saa tisa usiku. Tulikuwa manesi wawili na akina mama kumi na mmoja. Wanne walikuwa wamejifungua, waliobaki wako kwenye uchungu. Kitanda cha tatu alikuwepo binti mdogo wa miaka 19, anapiga kelele hadi getini wanasikia. Kitanda cha saba alikuwepo mama wa Kimaasai, mtoto wake wa tatu, amejifungua salama kama dakika arobaini hivi. Amejifunika shuka lake jekundu. Kimya. Pembeni amekaa bibi mmoja, mama mkwe wake, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha maneno mawili matatu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ninyi wenyewe mnajua maneno tunayosema. "Wamaasai hawalii, wana uvumilivu." Tunalisema kama sifa. Mimi nilikuwa nalisema kwa heshima kabisa, hata nilikuwa nawaambia akina mama wengine, "Mwangalie mwenzako yule alivyotulia, jifunze." Na yule binti wa kitanda cha tatu nilikuwa nimeshamweka kwenye kapu lake: mtoto wa mjini, anadeka, hana mume, hajajiandaa. Kwa hiyo kichwani mwangu usiku ule kulikuwa na watu wawili ambao sikuhitaji kuwasikiliza. Mmoja kwa sababu anapiga kelele "za bure." Mwingine kwa sababu amekaa kimya, na kimya chake nilishakipa maana.

Kwenye daftari la ripoti niliandika, kwa mkono wangu: "Mama ametulia, hana shida."

Yule bibi alinishika mkono mara mbili nikipita. Mara ya kwanza nikamwambia, "Subiri kidogo bibi." Mara ya pili nikamwonyesha mtoto, nikatabasamu, nikafikiri anataka kujua kama mjukuu yuko salama. Alikuwa anasema maneno marefu. Sikuelewa hata moja, na wala sikujisumbua kutafuta wa kunielewesha.

Hapo sasa ndipo anapoingia mwenzangu.

Tulikuwa na kaka mmoja, nesi, amesoma sawasawa na sisi, ana leseni kama yetu. Lakini alipoletwa wodi ya wazazi, ilikuwa kama ameletwa mtu wa kubeba mizigo. Mtungi wa oksijeni umeisha, "muiteni kaka." Machela imekwama, "kaka yuko wapi?" Damu ifuatwe maabara usiku, "kaka ana miguu." Lakini kumpima mama njia, kukaa na mama kwenye uchungu, kumkabidhi ripoti? Tulikuwa tunamruka. Tulikuwa tunasema akina mama hawatamtaka. Kusema ukweli, wengi wao hatukuwahi kuwauliza. Tuliwajibia.

Na alipopata mtoto wake wa kwanza akaomba zile siku tatu za likizo ya uzazi kwa baba, tulimcheka. "Kwani umejifungua wewe?" Siku hizo tatu zipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hakuwa anaomba fadhila. Alizichukua, akarudi, na utani ukaendelea wiki nzima. Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka.

Basi usiku ule alikuwa anapita anasukuma mtungi wa oksijeni kwenda chumba cha watoto. Akasikia yule bibi anaongea. Akasimama. Hakuingia ndani ya pazia, alibaki nje, akainamisha kichwa, akasema: "Takwenya." Bibi akaitikia: "Iko." Wakaanza kuongea.

Jamani, mwaka mzima tulikuwa na mtu anayejua Kimaasai ndani ya wodi na hakuna aliyekuwa anajua. Baba yake ni Mpare, jina lake la Kipare, kwa hiyo tulishamaliza kumjua. Kumbe mama yake ni Mmaasai na yeye amekulia Simanjiro. Hakuna aliyemuuliza.

Akaniita. Hakupaza sauti. "Sista, huyu bibi anasema mkwewe anaona giza, anaomba maji kila saa, na miguu imekuwa ya baridi. Anasema amekwambia mara mbili."

Nilifunua lile shuka. Shuka ni jekundu, damu ni nyekundu, taa ya kona ile ilikuwa hafifu. Ukiangalia juu juu huoni kitu. Lakini chini yake, kwenye ule mpira wa kujifungulia mnaokuja nao, damu ilikuwa imejikusanya kama bwawa. Mapigo ya moyo 128. Presha 80 kwa 50. Nikamshika tumbo, mfuko wa uzazi umelegea kama mkate uliolowa.

Mliosoma sehemu ya 4 mnajua tunafanya nini hapo. Kumsugua tumbo mfuko ujikaze, sindano ya oksitosini, dripu, kutoa mkojo, kuita daktari. Daktari alikuja akakuta kipande cha kondo la nyuma kimebaki ndani. Kaka alikimbia maabara. Mama aliwekewa chupa mbili za damu kabla hakujapambazuka.

Alipona. Mtoto wake mwaka huu anaanza darasa la kwanza.

Lakini ngoja niwaambie kitu ambacho sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Asubuhi ile nilipofungua daftari kukabidhi zamu, nikakuta mwandiko wangu: "Mama ametulia, hana shida." Kama kaka angepita dakika ishirini baadaye, hiyo ndiyo ingekuwa sentensi ya mwisho kuandikwa juu ya yule mama akiwa hai. Na kwa nje ningeonekana sina kosa. Sikumtukana. Sikumpiga. Nilimsifia.

Hilo ndilo nililotaka mlielewe leo. Tukisikia neno ubaguzi tunafikiria mtu mwenye roho mbaya. Yule anayemwambia binti kwenye uchungu, "wakati unatafuta mimba mbona hukulia?" Huyo yupo, na ni aibu yetu, na nitakuja kumzungumzia. Lakini upo ubaguzi mwingine usio na kelele. Ni ile hukumu ya haraka ambayo kichwa kinaitoa kabla masikio hayajafanya kazi. Unaweza kuwa na roho nzuri kabisa na ukawa nayo. Na ukichoka, ndiyo inakuwa na nguvu zaidi, kwa sababu kichwa kilichochoka kinatafuta njia ya mkato.

Wala siyo sisi tu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia kule Marekani waliwauliza wanafunzi wa udaktari weupe, na madaktari walioko mafunzoni, kuhusu mwili wa mtu mweusi. Karibu nusu yao waliamini angalau jambo moja la uongo, kwa mfano kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene kuliko ya mweupe. Na walioamini hivyo ndio waliokuwa wanayapima maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo kuliko yalivyo. Nilipolisoma hilo nilikasirika sana. "Wazungu hawa!" Halafu nikakumbuka kitanda cha saba. Tofauti yangu na wao ni nini? Mimi nilisema Wamaasai hawaumii sana, nikaliita uvumilivu.

Hata mashine zinabeba hukumu za waliozitengeneza. Kile kifaa tunachokubana kidoleni kupima oksijeni kinatumia mwanga unaopita kwenye ngozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, pia Marekani, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kilikosa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kinasema uko sawa kumbe hauko sawa. Kwa hiyo mama, mtoto akiwa anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani, pua inatanuka, usikubali namba peke yake ikutulize. Sema unachokiona.

Na kwa kuwa nimegusa rangi ya ngozi, chukua na hili la nyumbani. Vitabu vingi vya watoto vinasema mtoto mchanga mwenye afya ni "wa pinki", na mwenye manjano "ngozi yake inageuka njano". Mtoto wetu mweusi utamwona hivyo wapi? Angalia ndani ya midomo, ulimi na fizi: zinatakiwa ziwe na wekundu, zisiwe za bluu wala kijivu. Kwa manjano, mpeleke kwenye mwanga wa mchana, angalia weupe wa macho, na bonyeza taratibu kidole kwenye paji la uso au pua kisha uachie, utaona rangi iliyoko chini. Manjano ikitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au ikifika kwenye viganja na nyayo, usisubiri asubuhi, nenda hospitali.

Turudi wodini. Mtaniuliza tulifanya nini baada ya hapo.

Siku mbili baadaye tulikaa kikao. Nilisimama nikasema nilichoandika na kwa nini nilikiandika. Miguu ilikuwa inatetemeka. Nilidhani nitachekwa, lakini dada mmoja wa siku nyingi, mkali kuliko sisi wote, akasema taratibu, "Mimi wangu alifariki." Akanyamaza. Hatukumuuliza zaidi. Kikao kilibadilika pale.

Hatukuita semina wala kubandika mabango. Tulibadilisha mambo manne.

La kwanza, maneno ya ripoti. Tulikubaliana hatuandiki tena "mtulivu", "msumbufu", "mkaidi", "anadeka". Andika mapigo, presha, damu kiasi gani, mfuko wa uzazi umekaza au umelegea. Hayo mengine ni maoni yako, yaache mlangoni.

La pili, maswali yaleyale kwa kila mama. Saa mbili za kwanza baada ya kujifungua, kila dakika 15, anayelia na aliyenyamaza, mke wa mkubwa na binti asiye na mtu. Na shuka linafunuliwa. Hatuangalii kwa juu.

Hili la kupima badala ya kukisia, wenzetu wamelithibitisha kwa namna kubwa. Kulikuwa na utafiti katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, akina mama zaidi ya laki mbili, matokeo yake yakatoka mwaka 2023. Nusu ya hospitali ziliweka chini ya mama plastiki yenye alama za vipimo, damu inaingia humo unaona ni kiasi gani, na tiba zote zinaanza kwa pamoja palepale. Nusu nyingine waliendelea kukisia kwa macho kama sisi. Kwa waliokisia, karibu nusu ya akina mama waliotokwa na damu nyingi hawakutambuliwa. Kwa waliopima, walitambuliwa 93 kati ya kila 100. Na hatari ya mama kutokwa damu kupita kiasi, kufanyiwa upasuaji kwa sababu ya damu, au kufa kwa ajili yake, ilishuka kwa asilimia 60. Plastiki yenye mistari haijui wewe ni kabila gani. Haijui kama una mume.

La tatu, orodha ya lugha. Tulibandika karatasi ukutani: nani anaongea nini. Kimaasai, Kigogo, Kisukuma, Kimakonde, na lugha ya alama, ambayo kumbe mama yetu wa usafi anaijua kwa sababu mdogo wake ni kiziwi. Miaka yote tumekuwa tukimpigia kelele mama kiziwi kana kwamba kelele itamfungua masikio, na mkalimani yuko pale pale ameshika dekio. Siku hizi akiitwa, anaacha dekio, ananawa mikono, anakuja kama mtaalamu, na sisi tunasubiri.

La nne, kaka akaingia kwenye ratiba ya leba kama mtu mwingine yeyote. Mama anaulizwa kwanza: "Zamu hii mkunga ni mwanaume, uko sawa naye?" Akisema hapana, ni hapana, mwili ni wake na hadai maelezo. Lakini wengi wanasema, "Alimradi anajua kazi." Wapo wanaomwomba yeye kwa jina.

Nisiwadanganye kwamba sasa wodi yetu ni peponi. Utani haujaisha. Juzi tu mfanyakazi mpya kamwambia kaka akalete mtungi wakati alikuwa ameshika mtoto anayetoka. Na mimi bado najikuta. Akiingia binti na sare ya shule ndani ya mfuko wa plastiki, kuna kitu kichwani kinaanza kuongea. Tofauti ni kwamba sasa nakisikia kikiongea, nakiambia nyamaza, halafu namuuliza binti jina lake.

Sasa zamu yenu, mama zangu.

Ukiwa hospitali, ongea kwa vipimo. Usiseme tu "sijisikii vizuri." Sema "nimelowesha pedi nzima ndani ya nusu saa," au "naona giza," au "moyo unakimbia na nina jasho la baridi." Hayo ni maneno ambayo nesi hata akiwa amechoka vipi hawezi kuyapita. Kama wewe ni mtu wa kunyamaza kwenye maumivu, mwambie nesi mapema kabisa: "Mimi huwa sipigi kelele, ukiniona kimya usidhani siumwi." Umenisaidia sana ukisema hivyo. Na kama umesema mara mbili hujasikilizwa, omba msimamizi wa zamu. Hiyo haikufanyi uwe msumbufu.

Unayemsindikiza mzazi, wewe ni macho ya ziada. Yule bibi ndiye aliyeliona tatizo kabla ya mtu yeyote mwenye cheti. Usione aibu kung'ang'ania.

Ukiwa kazini kwako, iwe ofisini, dukani, shuleni, jiulize swali moja wiki hii: kuna nani hapa ambaye nimeshamaliza kumjua bila kumuuliza? Yule aliyerudi kutoka likizo ya uzazi mnayesema "akili iko nyumbani." Sheria ileile ya 2004 inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, kwa hiyo akitoka hatoroki. Yule kijana wa kiume kwenye chekechea mnayemshangaa. Yule mlemavu aliyepewa kazi ya kukaa mapokezi tu wakati ana shahada.

Na nyumbani, chungeni midomo mbele ya watoto. Mtoto hasomi ubaguzi kitabuni. Anausikia kwenye gari, mezani, kwenye utani: kabila fulani wachoyo, kabila fulani wachafu, wale wanapenda hela, wale hawaumii. Mimi niliupata hivyo hivyo, kwa vicheko, na ukakaa ndani yangu miaka yote mpaka saa tisa ya usiku ule.

Yule bibi alirudi mwaka uliofuata, amemleta mkwe mwingine kliniki. Alinitambua. Nilimsalimia kwa lile neno moja nililojifunza kwa kaka, "Takwenya." Akaniitikia "Iko," akacheka matamshi yangu, akanishika mkono. Mara hii nilisimama mpaka alipomaliza alichokuwa anasema, na kaka akanitafsiria. Alikuwa ananiuliza kama nimekula.

Tukutane Jumapili, sehemu ya 8. Hiyo ndiyo ya kukamua maziwa, naahidi. Andaeni vikombe vyenye mfuniko.

Dada yenu, nesi.